Kitako cha Bunduki ya Mzee Matimbwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Miteja tu wazima, na ufuta tumeshavuna. Unauliza kwa nini nilikukataza kupiga randa mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu bibi yako.

Enzi za Mwingereza, nikiwa seremala kijana, Mzee Matimbwa aliniletea bunduki yake ndogo ya kuwindia, niunge kitako cha mti kilichopasuka. Nikakiunga. Kisha, kwa kutaka sifa, nikakichonga upya na kukipiga msasa mpaka kikang'aa.

Aliipokea, akaegemeza shavu, akapapasa.

"Hapa palikuwa pamebonyea," akasema. "Ni shavu la marehemu baba."

Kisha akanishukuru. Mjukuu wangu, bora angenitukana.

Babu yako