Mabasi Yalipolala Jumapili

Jumapili, 2 Novemba

Chai, andazi la jana, kisha orodha. Seva thelathini na nane kwenye wingu, yaani kompyuta tunazokodi huko mbali, ndizo zinazoendesha kazi yetu yote: njia za mabasi ya shule, majina ya watoto, simu za wazazi. Kumi na tisa kati yake sijui ni za nani. Zinawaka tu, usiku na mchana, kama taa ya choo cha umma. Aliyekuwa hapa kabla yangu alifungua, akaacha, akaenda zake kwao.

Madam Noora, mwenye kampuni, ameniita. Anataka mpango kamili wa kulisimamia wingu, wiki mbili. Nikishindwa, kazi inapewa kampuni ya nje na mimi nafungasha. Hakufoka. Alisema taratibu, ndipo nikaogopa. Mkataba ukikatika, viza nayo inaenda. Kutoka Doha kurudi Kakamega mikono mitupu? Ng'o.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimezunguka ofisi nzima kama karani wa sensa. Hii seva ya nani? Wahasibu wanasema ya madereva. Madereva wanasema ya wahasibu. Nimebandika karatasi ukutani: kila seva iwe na mwenyewe, jina liandikwe. Isiyo na mwenyewe hadi Jumatano, naizima. Uhasibu wameniita Mama Wingu. Waite tu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimezima kumi na moja. Hakuna aliyelia.

Nikajaribu kurudisha majina ya watoto kutoka kwenye nakala ya akiba. Imegoma! Imekaa hapo muda wote huo na hakuna aliyewahi kuijaribu. Jasho lilinitoka na kiyoyozi kinavuma. Nikarekebisha, nikajaribu tena, saa nane mchana ikafunguka. Nimeandika kwenye mpango: nakala isiyojaribiwa si nakala.

Sheria nyingine, herufi kubwa: hakuna kutumia ile nywila moja ya ofisi nzima. Kila mtu aingie kwa jina lake. Kitu kikiharibika, tujue ni mkono wa nani.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nimepiga hatua kubwa. Mabasi hayatembei wikendi, kwa nini seva zake ziwake? Nimeziwekea ratiba, zilale na kuamka zenyewe. Jina langu lilikataa kuingia, lilikuwa bado halijapewa ruhusa hiyo. Nikatumia nywila ya ofisi. Mara moja tu. Gari la wafanyakazi lilikuwa linapiga honi nje.

Nimefurahi. Nimejisifu hata.

Ijumaa, 7 Novemba

Kanisani, Mesaimeer. Nabirye ameimba hadi sauti ikakauka. Mganda huyu naishi naye chumba kimoja hapa Najma, na ni matroni wa basi namba tisa, anayewapandisha na kuwashusha watoto. Anasema Jumapili njia zinabadilika na kuna watoto wapya. Nikamwambia yote yamo kwenye tableti, asiwe na wasiwasi.

Jumapili, 9 Novemba



Karibu saa kumi na moja alfajiri Nabirye kapiga simu kutoka yadi ya mabasi. "Nyabo, dada yangu, tableti haina kitu. Nyeupe." Zote nyeupe. Basi baada ya basi. Nikafungua kompyuta hapo hapo kitandani. Seva zote zimelala. Zimelala kama nilivyoziambia: Jumamosi na Jumapili.

Jumapili! Miaka mitatu niko Doha. Kila Ijumaa kanisani, kila Jumapili kazini, na vidole vyangu bado viko Kenya. Wikendi ya huku ni Ijumaa na Jumamosi, mtoto mdogo anajua. Mjinga mimi.

Kuziamsha kulichukua dakika arobaini. Madereva hawakungoja, walikwenda kwa kukumbuka. Watoto wa zamani walichukuliwa. Maha, miaka saba, mpya kwenye basi la Nabirye, hakuwa kichwani mwa mtu, na tableti zilipowaka basi lilikuwa limeshapita kwao. Alisimama getini kwao Al Mansoura zaidi ya saa moja, peke yake. Mama yake ni muuguzi, alikuwa ameshaenda zamu akijua basi linakuja. Mlinzi wa jengo, Mkenya mwenzangu, ndiye aliyempa kiti chake na kutupigia simu. Mtoto alikuwa amejikojolea.

Mungu wangu.

Jumatatu, 10 Novemba

Madam Noora anauliza ni nani. Kumbukumbu za seva zinaonyesha nywila ya ofisi, kwa hiyo ni yeyote. Uhasibu wakamtaja yule aliyeondoka, eti lazima aliacha kitu kimetegwa. Vichwa vyote vikaitikia. Changu hakikuitikia, lakini mdomo haukufunguka. Nimenyamaza kutoka saa tatu asubuhi hadi kutoka kazini.

Nimemwambia Nabirye. Hakunifariji. "Si wewe ulibandika karatasi?" Akanigeuzia mgongo.

Ningesalimika. Yule jamaa yuko kwao, hatasikia kamwe. Najichukia kwa kuliwaza hilo.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeingia kwa Madam kabla hata chai yake haijaletwa. Nimesema: ni mimi. Ratiba ni yangu, na nywila niliyotumia ni ile ile niliyoipiga marufuku. Mganga hajigangi. 

 Madam akauliza kama mpango umekwisha. Nikasema bado, una shimo, na sasa najua liko wapi.

"Basi lizibe. Alhamisi. Khalas."

Khalas, yaani yamekwisha. Sijui kama nimesamehewa au nimeahirishiwa. Kazi iendelee.

Jumatano, 12 Novemba

Mstari mpya kwenye mpango: ratiba haianzi kufanya kazi mpaka isomwe na anayeitumia, siyo aliyeiandika tu. Nimempa Nabirye ile mpya aisome, siku zimenyooka safari hii. Nilijua hatapata kosa. Dakika mbili: "Mbona zinaamka saa kumi na moja? Dereva wa Al Wakra anawasha gari saa kumi."

Aki! Mimi nisingelijua hilo hata nikae hapa miaka kumi. Nimesogeza hadi saa tisa.

Nywila ya ofisi nimeifuta kabisa. Uhasibu wanalalamika. Walalamike.

Alhamisi, 13 Novemba

Kurasa kumi na nne. Madam kazisoma zote mbele yangu, kalamu mkononi, bila kupokea simu. Kasaini. Nabaki na kazi kwa miezi sita, kisha tutaona. Sharti moja: kila Jumapili ya mwezi huu nipande basi namba tisa, niwaone watu ninaowapangia. Sikubisha.

Nabirye amepika matoke. Nimekula kama mtu aliyetoka hospitali. Tumecheka pia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jumapili, 16 Novemba

Nimepanda namba tisa. Tableti zote zimewaka mapema, majina yote yapo.

Al Mansoura. Maha getini na begi lake, mama yake pembeni na sare ya hospitali. Nabirye anasema ndivyo ilivyo tangu siku ile. Haondoki mpaka mtoto apande, na zamu anachelewa.

Nilishuka, nikamsalimu mama. Nikamwambia ni mimi niliyekosea, samahani.  Akaangalia saa yake.  Alisubiri Maha aketi, mkanda ufungwe, mlango ufungwe.

Tulipokata kona alikuwa bado amesimama pale.