Mstari wa Baba Unawaka

Jumatatu, 16 Juni 2025
Bi Manal, bosi wangu hapa stoo ya asali, kachoka na namba zangu. Anasema mnunuzi wa Dar anakuja Ijumaa na hatakaa kusoma safu tatu za tarakimu. Nitie rangi, aone kwa jicho asali ya nani ni bora. Atachagua wafugaji watatu tu, na majina yao yataandikwa kwenye chupa. Majina! Baba kafuga nyuki Ntalikwa tangu sijazaliwa, na asali yake huishia pipa moja na ya wenzake.

Nimechagua jedwali zima kwenye kompyuta, nikabonyeza skeli ya rangi. Vurugu. Safu ya kilo yote kijani, nyingine zote nyekundu. Hata hivyo nilikaa kuitazama. Stoo inanukia nta, mtaa wa Ng'ambo umetulia, nikawa kama nawaona wapagazi wa zamani wakipita mlangoni na mizigo kichwani, kila mmoja na rangi yake.

Jumanne, 17 Juni
Kumbe safu hupakwa moja moja. Kilo peke yake, usafi peke yake, maji peke yake. Nyekundu chini, njano katikati, kijani juu. Njano ileile ya asali ya miombo. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Na mstari wa baba — kilo kijani, usafi kijani, maji kijani kuliko wote! Nimempigia hapohapo. Sikumweleza mambo ya rangi, nilimwambia tu mstari wake unawaka kuliko yote. Akauliza, "Hata hii ya mwaka huu?" Nikamwambia kompyuta haina upendeleo.

Jumatano, 18 Juni
Mama anasema baba kamwambia hadi katekista. Shati limeshapigwa pasi. Mchana nimesinzia juu ya kibodi, nikaota njia nzima ya Ujiji imepangwa chupa, zote zina jina la baba. Tobias, Tobias, Tobias. Nimeamka natabasamu.

Alhamisi, 19 Juni
Nimeonja. Asali ya Jilala, mfugaji mwenzake baba, nyekundu kabisa kwenye safu ya maji, inang'ang'ania kijiko. Ya baba inateremka kama chai.

Nikakaa chini. Kwenye safu ya maji, namba kubwa ndiyo mbaya. Kompyuta haijui hilo, ikiona kubwa inaweka kijani. Baba alivuna masega nyuki hawajayafunga kwa nta, akiwahi nyegere wasimalize mizinga. Asali hiyo itachacha. Ndani ya chupa yenye jina lake.

Bi Manal hajagundua. Sijageuza rangi. Naona aibu hata kuandika.

Ijumaa, 20 Juni
Naandika stoo, nyuma ya madumu. Nimesema nafuata vikombe.

Baba kaja kwa baiskeli, shati jeupe ndani ya mfuko wa nailoni, kalivaa hapa ili lisiloe jasho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye skrini. Gari la mnunuzi lilikuwa linaingia. Nikazigeuza rangi za safu ya maji mbele yake. Kisanduku chake kikawa chekundu kuliko vyote.

Nilitaka kumwambia. Alikuwa ameinama, kidole karibu kiguse kioo.

"Kweli, mama, unawaka," akasema taratibu.

Sasa namsikia kule mbele anamuuliza Bi Manal kama majina yake yote matatu yataenea kwenye chupa.