Nimempekua Mama Mkwe Mlangoni

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako maana nimeharibu na sijui nianzie wapi. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye duka la nguo, nikaacha nilipoolewa, lakini mwili wangu haujapata habari, henga zote kabatini zinaangalia upande mmoja, mume wangu akifungua friji namuuliza, "Karibu, nikusaidie kutafuta?" na jirani akiaga namwambia, "Asante kwa kututembelea," tunacheka yanaisha. Sasa juzi mama mkwe alikuja kwetu kwa mara ya kwanza, amebeba mkoba mkubwa, na dukani meneja alitufundisha mwenye mkoba mkubwa usimpe mgongo, na akitoka umkague mlangoni, basi nikajikuta namfuata, akiwa sebuleni nipo, akienda kuangalia chumba cha wageni nipo, "Nikusaidie chochote, mama?" mpaka akasema, "Mwanangu, mbona unaniganda hivyo?" Nikacheka tu. Wakati wa kuondoka nikamsindikiza mlangoni, na Mungu ni shahidi sikukusudia, mkono ulienda wenyewe, nikafungua zipu ya mkoba wake, nikachungulia, nikamwambia, "Asante mama, unaweza kwenda." Akafunga zipu, akaondoka. Amemwambia mume wangu hatakanyaga tena nyumba anamoonekana mwizi. Mimi mama yangu alishafariki, na huyu nampenda kweli. Nifanyeje?

Mkamwana Mwenye Aibu

Mkamwana, nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikamwonea huruma huyo mama. Eti "unaweza kwenda"! Hata mlinzi wa getini ana adabu kukushinda.

Usimtume mume wako akuombee msamaha, na simu iache mezani. Nenda mwenyewe, kesho asubuhi. Mweleze kazi ilivyokuwa, mwigizie na yule meneja aliyekuwa akiwakaba, kisha omba radhi bila kujitetea. Akicheka, umepona. Akinuna, vumilia, ana haki yake.

Ila nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoketi na mgeni wako, sijapaona. Najua, dukani kukaa lilikuwa kosa. Lakini yule mama alikuja kumwona binti yake, akapokewa na mhudumu, na hilo nadhani limemuuma kuliko zipu. Kwa hiyo ukifika kwake usikunje nguo, usipange vikombe, usimuulize anahitaji nini. Vuta kiti, kaa karibu naye, na usinyanyuke mpaka achoke na wewe.