Taa Nyekundu ya Breki

Uko wapi? Usinipigie, nitalia.

Unamkumbuka Breki, yule mwenzetu tuliyemzika? Taa yake bado iko ukutani. Kila tukibadilisha kitu kwenye programu ya hospitali, yale majaribio aliyoyaandika ya kunasa makosa yanajiendesha yenyewe. Likifeli hata moja, taa inawaka nyekundu na kazi haitoki.

Leo nimepeleka mabadiliko yangu. Madogo tu! Nyekundu.

Bosi akasema, "Hilo jaribio la Breki limezeeka. Lizime, wateja wanasubiri."

Lizime! Hivyo hivyo, kama anazima feni.

Na mimi nilikuwa nalizima, wallahi. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Nikasema ngoja kwanza nione limefeli nini.

Jamani. Breki alikuwa ameliandikia ujumbe wa kutokea likifeli:

"Kichanga amepewa dozi ya mtu mzima. Najua mna haraka. Msinizime."

MSINIZIME!! Nywele zilinisimama.

Kuangalia kazi yangu, kumbe nimehamisha mstari mmoja, na sasa uzito wa mtoto usipojazwa, programu inachukua wa mtu mzima. Ingetoka leo hii, wodini, kwa watoto wa watu.

Bosi alikuwa nyuma yangu anasoma. Akanywea.

Nimerekebisha, taa ikageuka kijani, nikajikuta nasema kwa sauti, "Sawa Breki, nimesoma."

Ofisi nzima ilisikia. Hakuna aliyecheka.

Bosi ndiye aliyeninong'oneza, "Mwambie na mimi nimesoma."