Siku Niliyokufuta Mbele ya Walimu Wako

Abdi, walaal yangu, kaka yangu,

Salamu za makaburini nilikupa Ijumaa. Hizi ni za nyumbani. Baba mzima. Hooyo, mama yetu, ameanza kula, ila bado anapika chai ya watu sita na sisi tumebaki watano. Mimi sijambo. Sijalia. Watu wananikagua usoni kama wanaokagua wingu, wanaona kavu, wanaenda zao.

Sasa nisikilize, wewe mtu wa chuo kikuu. Mdogo wako aliyeacha shule darasa la saba amesimama mbele ya walimu wako watatu, Nairobi, na koti lako mwilini. Linanibana, maana mimi nina mabega.

Likizo yako ya mwisho tulikuwa tunanywesha ngamia pale kisimani, ukanichorea visanduku kwenye daftari. Ukasema katika hiyo C++, lugha yenu ya kompyuta, kila kitu ni objekti: klasi ni mchoro tu, halafu kila ngamia anaumbwa kutokana na mchoro huo. Kazi yenu ya kumalizia masomo, wewe na mwenzako Mutua, ilikuwa programu ya kuandikisha mifugo. Kisanduku kikubwa kiliitwa Mwenye, yaani mwenye mali, na ngamia wake wote uliwaweka ndani yake. Nikauliza, "Na mwenye akifa?" Ukajibu kwamba anafutwa, na mashine inafuta kila kilichomo ndani yake.

Nilicheka mpaka ngamia wakaacha kunywa. "Yaani mzee akizikwa, asubuhi zizi tupu? Hiyo si programu, huyo ni mwizi wa mifugo!"

"Wewe chunga, kufikiri niachie mimi." Halafu ukacheka pia. "Bwana, ndani ya disketi hakuna atakayekufa."

Wiki tatu baadaye malaria ikakuchukua kwa siku nne. Naandika hivyo tu, sina zaidi.

Mutua alikuja kwa basi kutupa pole, disketi zako zimo mfukoni mwake. Akanywa maziwa ya ngamia, tumbo likamwendesha siku mbili, lakini ni kijana mzuri. Akamwambia Baba kwamba walimu wamekubali kazi ipimwe kwa majina yenu mawili, na ikipita, cheti chako ataletewa Hooyo. Isipopita, hakuna cheti. "Shida ni kwamba mambo ya ngamia alikuwa anayajua Abdi," akasema. Basi nikamweleza lile kosa. Akaniuliza, "Mbona hukumwambia?"

Nilimwambia, bwana. Nilimwambia mwenyewe.

Nikafuatana naye hadi Nairobi; Mutua akarekebisha, mimi nikimsimamia kama mkandarasi. Ngamia tuliwatoa ndani ya mwenye, kila mmoja akasimama peke yake, amefungwa kwa mwenye kwa kamba tu. Mwenye akiondoka, kamba inakwenda kwa warithi. Mchungaji naye akapewa kisanduku chake, kwa sababu nilimfundisha kwamba anayekamua si lazima awe mwenye mali. Hilo hamkufundishwa huko.

Siku ya kuonyesha kazi, mwalimu mmoja, mama mwenye miwani, akasema, "Haya, tuonyesheni mwenye aliyefariki." Mutua hakuwa ametayarisha jina lolote. Akaanza kukohoa. Nikasema, "Mwandike Abdi."

Tukaandika jina lako. Tukamwandika na Deero, mjukuu wa yule ngamia uliyepewa siku uliyozaliwa, na ndama wake wawili. Kisha Mutua akaondoa mikono kwenye kibodi, akanitazama. Walimu wanangoja. Feni inazunguka. Nikabonyeza mimi.

Kidole hakikutetemeka, walaal. Hilo ndilo linalonitisha.

Jina lako likaondoka. Deero akabaki, na ndama wake, chini ya Baba na Hooyo, kama sheikh alivyogawa mirathi yako. Sisi ndugu hatupati kitu Baba akiwa hai. Mchungaji: Yusuf, mimi huyu. Yule mama akaandika kitu kwenye karatasi. "Imepita," akasema. Mutua akalia mpaka akaomba ruhusa kutoka nje. Mimi nilikaa pale nikitafuta kwenye kioo cha kompyuta mahali jina lako lilipokuwa. Sikupaona. Mistari ya chini ilikuwa imepanda juu ikapajaza.

Baadaye nikala chipsi, nikapanda basi, nikarudi Garissa. Hata Baba aliponishika mkono sikusikia kitu.

Pumzika, kaka. Mola akupanulie nafasi huko. Nakuahidi jambo moja: cheti kikifika, atakayemsomea Hooyo ni mimi. Nitaliita jina lako, la Baba, la babu, polepole, kwa sauti yangu mwenyewe. Na sauti ikikatika katikati, nitangoja irudi, nianze tena mwanzo.

Mdogo wako,
Yusuf