Baba, Tihar Haikuzimika Nyamianda

Baba,

Tihar, sikukuu ya kwetu Nepal, kama ulivyopenda kuiita mbele ya watu ambao hawajawahi kuiona Nepal, imepita hapa Nyamianda bila wewe. Nataka ujue ilivyokwenda.

Tulipotoka kukuzika, mdogo wangu Safari alisema mbele ya wajomba: «Mambo ya Baba yaende na Baba.» Alikuwa amechoka kuitwa mtoto wa Muhindi tangu shule ya msingi. Akahamia Luvungi kuendesha pikipiki, tukawa hata kupigiana simu hatupigiani. Nikawaza: siku ya mwisho ya Tihar ni ya dada na kaka. Nitampaka nani rangi kwenye paji la uso?

Lakini nilianza. Siku ya kunguru nikawawekea wali juu ya bati la atelye yako, pale ulipokuwa ukifanyia kazi. Wakaja, wakagombana vilevile. Siku ya mbwa nikamvika Simba, mbwa wetu, taji la maua ya manjano. Mama jirani, yule muuza samaki wadogo wa ndagala, akaniita toka ng'ambo ya barabara: «Weye, hata baba yako amekufa, mbwa iko anavaa tu maua?»

«Iko anavaa, Mama. Anatulinda mwaka muzima.»

Maneno ni yako, Baba; ulikuwa unayasema huku kartié nzima, mtaa wote, inakucheka.

Siku ya ng'ombe ndiyo nililia. Kaka yake Mama alishuka kutoka Bijombo na ng'ombe wawili. Unamkumbuka alivyokutania kila mwaka, kwamba ng'ombe anataka majani, hataki maua. Mara hii alimshika ng'ombe kichwa mwenyewe, nikamvika maua. Kisha akaniuliza: «Na huyu mwingine? Ataona wivu.» Nikakimbia kuchuma mengine. Akasema polepole: «Shemeji aliwaheshimu kuliko siye wenye tunawachunga.»

Ikabaki siku ya kaka. Mama alitandika mkeka. Nikakaanga mikate ya mchele ya mviringo. Ya kwanza iliungua, ungenicheka. Jua likawa kali. Mama akasema tule tu. Nikakataa, nikasema tumngoje Safari kwanza.

Ndipo pikipiki ikanguruma mlangoni. Safari aliingia na vumbi lote la barabara ya Ruzizi, kofia bado kichwani.

«Dada, rangi iko?»

Nilimwonyesha mkeka. Nikamzunguka nikidondosha mafuta ya kumkinga, kama ulivyonifundisha, nikampaka rangi moja juu ya nyingine. Alifumba macho. «Minye niliogopa,» akasema. «Nikikaa hapa, nitakuwa namungoja Baba aingie.»

Kumbe haikuwa aibu, Baba. Ilikuwa huzuni ileile yangu.

Alinipa kitenge, akala mikate yote, hata iliyoungua. Alipotoka, Mama jirani akamwuliza ni nini hiyo kwenye uso. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia kila neno.

«Dada yangu ameniombea maisha marefu. Ni desturi ya baba yangu.»

Hakuifuta. Aliondoka nayo hivyo, kofia ameitundika kwenye usukani ili watu waione rangi, mpaka Luvungi.

Ningekuwa na njia, ningekuletea sauti yake uisikie. Pumzika, Baba. Mwaka ujao tutaianza wawili, toka siku ya kunguru, na atakayeuliza tutamjibu kwa jina lako.

Binti yako,
Maya