Siku Niliyomsemea Fausta Mahakamani

Nanakili kutoka daftari langu la zamani, la miaka ya mashamba ya ngano ya serikali. Sijabadilisha kitu.

Jumanne, mwezi wa saba. Upepo wa baridi tangu asubuhi, na mlima umejifunika ukungu hadi kiunoni.

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa, kwa wakazi wote wa kambi yetu, pamoja na mbwa wa mlinzi na kuku wa mke wangu, kwamba leo saa tano kasorobo asubuhi kifungo cha pili cha koti langu la suti kilitutoka ghafla. Mauti yalikifika mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo na wazee wawili wa baraza. Kimeacha uzi mmoja mrefu na mwenye koti asiye na la kusema.

Koti lenyewe ndilo nililoolea. Enzi hizo nilikuwa na kiuno. Sasa nina tumbo, na kazi ya kutunza stoo ya vipuri.

Jioni hii nimewaambia watu kambini kwamba kifungo kilikatika kwa nguvu ya hoja zangu. Wamefurahi sana. Fundi mmoja wa kombaini, zile mashine za kuvunia, amenipigia saluti kwa spana na kuniita Wakili. Wengine wanasema ni tumbo tu. Wewe, daftari, nitakupa ukweli, lakini niache nianzie mbali kidogo. Kuuendea moja kwa moja naona aibu.

Fausta ni mjane wa Bura. Bura alikuwa dereva wa kombaini, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Alifariki kabla ya Krismasi, na mwezi haukuisha nyumba yao ikarudishwa kwa shamba kama taratibu zinavyosema. Fausta akahamia kwetu na binti yake Paskalina, wa miaka minne. Walikuja kwa wiki moja. Hiyo wiki ndiyo tuko nayo hadi leo.

Pasaka, Daudi alikuja kumchukua mtoto. Daudi ni kaka mkubwa wa marehemu. Alisema anampeleka Gitting kwa bibi yake, siku tatu. Siku tatu zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitatu. Fausta alipoenda kumfuata aliambiwa mtoto wa Bura ni wa ukoo, na yeye Fausta bado ni kijana, atarudi kwao Nambis, ataolewa, na mtoto wa Bura ataishia kulelewa jikoni kwa watu.

Ningependa kuandika kwamba Daudi ni mtu mbaya. Ingerahisisha mambo. Lakini alimlilia mdogo wake hadi sauti ikakauka, na huyo mtoto ndiye pekee aliyeachwa na Bura.

Fausta akafungua shauri.

Sasa, Fausta jikoni kwetu huongea mpaka mke wangu humwambia, "Pumua basi, mama." Lakini huongea Kiiraqw. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuku na chumvi, na akikaa mbele ya mtu mwenye kalamu hata hicho hukimbia. Karani wa mahakama alituambia kwamba mawakili hawasimami mahakama ya mwanzo. Ila ndugu wa mhusika, au mtu wanayeishi naye nyumba moja, anaweza kumsemea, hakimu akiruhusu. Baba yake Fausta ni mzee asiyesikia tena. Kaka zake wametawanyika. Basi jikoni macho yote yakanigeukia.

"Baba Leonsi, wewe kusema unajua," mke wangu akasema.

Tangu tuoane ni mara ya kwanza kulisema hilo kama sifa.

Nikaandika hotuba ya kurasa saba. Nikaifanyia mazoezi stoo, nikizihutubia beringi na mikanda ya kombaini, ambazo hazikunipinga hata moja.

Hapo ndipo inapoingia fomu.

Kila mwaka ofisi ya utumishi hutuletea fomu ya kuorodhesha watu wanaoishi kila nyumba. Taratibu ni mfanyakazi, mke na watoto wake, basi. Wageni hawatakiwi, kwa hiyo wageni hatuwaandiki. Ukihesabu kambi yetu kwa fomu, ni kijiji kidogo. Ukihesabu kwa ndoo zilizopangwa bombani alfajiri, ni mji. Nami mwezi wa pili niliandika watu watano, nikatia sahihi yangu ile nzuri yenye mkia, nikairudisha ofisini. Huko huwekwa kwenye kabati la karani wa utumishi.

Karani wa utumishi ni Daudi.

Sijui nilisahauje. Nimekaa hapa najiuliza na bado sijui.

Leo asubuhi tulipanda tela la trekta la shamba, maana ndilo lililokuwa linakwenda upande huo. Mke wangu, Fausta, mimi na suti yangu. Njiani mke wangu akaniinamia sikioni: "Ukisahau yote, wewe muulize tu Daudi mtoto analala vipi." Nikamwambia nina kurasa saba, asiwe na wasiwasi.

Daudi alikuwa ametutangulia. Na hakuwa peke yake, alikuwa na wakili kutoka Arusha. Wakili kabisa, mwenye tai, na viatu ambavyo havijawahi kukutana na vumbi la kwetu. Nilihisi kurasa zangu saba zikinywea. Nilizipapasa mfukoni ili zinitie moyo, ndipo nikagundua hazipo. Ziko kwenye suruali ya kazi, imening'inia mlangoni mwa stoo.

Hakimu ni mtu wa maneno machache. Alimtazama yule mgeni, akamwambia, "Ndugu wakili, karibu kwenye baridi yetu. Lakini sheria unaijua, hapa husimami. Unaweza kukaa usikilize."

"Nilimweleza mteja wangu, mheshimiwa," wakili akajibu kwa upole. "Akasema tujaribu." Akaenda kukaa benchi la nyuma.

Nikacheka. Nilicheka moyoni, lakini tumbo lilitikisika na nadhani Daudi aliliona.

Hakimu akanigeukia. "Na wewe mwenye koti, ni nani kwa huyu mama?"

"Mheshimiwa, ni mtu wa nyumba yangu."

Daudi akainua mkono. Akatoa karatasi kwenye bahasha, akaipeleka mezani kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, fomu hii ameijaza mwenyewe. Nyumba yake ina watu watano. Shemeji yangu Fausta hayumo."

Niliiona sahihi yangu kutoka pale niliposimama. Mkia wake ulionekana mpaka benchi la nyuma.

Hakimu akaisoma, akaniangalia. "Anaishi kwako au haishi?"

Mkono ukaenda kwenye kifungo.

Lilikuwa swali rahisi. Hata Paskalina angelijibu. Lakini nikisema anaishi, nimekiri kumdanganya mwajiri, mbele ya karani ambaye akirudi ofisini anaweza kuandika nyumba yangu ipewe mtu mwingine. Nikisema haishi, nyumba ni yangu, Fausta anabaki bila wa kumsemea, na mtoto, aliyeletwa leo kwa agizo la hakimu, anarudi Gitting leo leo. Nje ya dirisha kundi la kondoo lilikuwa linapita. Liliisha kupita lote, hadi yule wa nyuma anayechechemea, na mimi bado nimenyamaza nikikizungusha kifungo cha koti.

Mke wangu ndiye aliyesimama.

"Baba Leonsi, sema basi! Si juzi tu ulimfokea kwamba anakumalizia sukari?"

Watu wakacheka. Karani wa mahakama akagonga meza. Hakimu akamwambia mke wangu akae, akakaa, lakini tayari alikuwa amemaliza kusema.

"Anaishi kwangu, mheshimiwa," nikasema. "Tangu mume wake afariki. Kwenye fomu nilidanganya."

Kifungo kikadondoka hapo hapo, kikabiringika hadi chini ya meza ya hakimu. Hakuna aliyekiokota.

Hakimu aliandika kwa muda. "Habari za fomu utazungumza na mwajiri wako. Mahakama inakuruhusu umsemee."

Wazee wa baraza wakanigeukia wasikilize. Katika kurasa saba sikukumbuka hata salamu ya mwanzo. Nikamgeukia Daudi nikauliza kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Bwana Daudi, mtoto analala vipi?"

Angeweza kusema analala vizuri. Nani angembishia? Lakini Daudi aliangalia viganja vyake, na alipojibu alikuwa kama anamwambia mdogo wake, si mimi.

"Halali. Anakohoa. Tukimlaza anashtuka anatafuta pumzi. Mama na mke wangu wanapokezana naye mpaka kunakucha."

"Mama," hakimu akamwambia Fausta, "kwako alikuwa analalaje?"

Fausta akaangaza macho huku na huku chumbani. Nikadhani tumekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta ukuta. Alienda akakaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti juu. Akakunja shuka lake likawa kama mtoto, akaliegemeza wima kifuani. Kidevu juu ya kichwa, kiganja chini ya mbavu, kinasugua polepole. Akabaki hivyo, anatuangalia.

Mzee mmoja wa baraza alivua kofia. Sijui kwa nini, na nadhani yeye mwenyewe hajui.

Hukumu itatolewa baada ya mavuno. Lakini hadi siku hiyo Paskalina atakaa na mama yake, na Daudi na bibi watamwona kila Jumapili baada ya ibada. Mtoto alikuwa nje kwenye nyasi na bibi yake. Kukutana kwao siandiki. Niligeuka nikajifanya natafuta kifungo.

Wakili wa Arusha alinipa mkono, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu stoo.

Tela lilikuwa moja, trekta moja, na wote tunarudi shamba moja. Kwa hiyo walioshinda na walioshindwa tulikaa magoti kwa magoti, na ngano imeanza kugeuka rangi huku na huku. Paskalina alilala ameegemea kifua cha mama yake, wima, mdomo wazi. Daudi alimtazama muda mrefu. Kisha akavua koti lake akamfunika, akabaki na shati katika upepo ule.

Tulipokaribia geti akaniambia, "Kesho uje ofisini."

Nikamgeukia. "Kwa habari ya nyumba?"

"Habari ya nyumba ni ya meneja, na mimi nitamwambia ninavyojua. Wewe uje kwa habari ya fomu. Nitakupa nyingine, uijaze vizuri." Akatazama mashamba. "Mtoto wa Bura hawezi kuishi kambini, halafu kwenye karatasi zangu hayumo."

Mke wangu akamkaribisha uji. Akasema Jumapili.

Meneja atasema nini, sijui. Mwenzangu wa karakana anasema akinifukuza mimi itabidi afukuze kambi nzima, na ngano ivunwe na kondoo. Labda. Leo nimeamua kutumaini, nione inakuwaje.

Sasa ukweli wa kifungo, niumalize nikalale.

Hakikukatwa na hoja, maana sikuwa nazo. Hakikukatwa na tumbo, ingawa tumbo lina makosa mengine. Nilikikata kwa vidole vyangu, pale nilipokuwa nimesimama napima nyumba yangu kwa mtoto wa mtu, na nilipima muda wa kutosha kondoo wote kupita. Fausta aliniangalia wakati wote huo. Jioni hii ameniletea koti. Ametoa kifungo kwenye koti la zamani la Bura akanishonea. Ni cheusi na vingine ni vya kahawia. Nami nimeshindwa hata kumwambia asante vizuri.

Kesho, kabla ya kufungua stoo, napita ofisini. Fomu ina mistari sita na mimi nina majina saba. Nitaanza na Paskalina, kisha mama yake, kisha wangu wengine wote.

Jina langu nitaliandika pembeni.